Daftari Letu na Ufunguo wa Wengine

Kila kitu kilichofanywa na mkono wa mwanadamu huzeeka, na programu za kompyuta haziko nje ya sheria hiyo. Walakini uzee wa programu ni wa namna ya pekee. Jembe huzeeka kwa kulika, nguo kwa kuchakaa, na nyumba kwa mvua na mchwa. Lakini programu hailiki wala haichakai. Amri zake zilizoandikwa miaka ishirini iliyopita ziko leo kama zilivyokuwa siku ile, wala hapana herufi iliyofutika. Kinachobadilika ni vitu vilivyoizunguka: mashine yenyewe, na ule mfumo endeshi usimamao baina ya mashine na programu kama mkalimani baina ya wageni wawili. Mkalimani huyo akiondolewa na kuletwa mwingine asiyeijua lugha ya zamani, msemaji hubaki na maneno yake yote kinywani asipate wa kumsikia. Hapo ndipo watu husema kuwa programu imekufa.

Nimekusudia katika makala hii kupinga maneno mawili yanayosemwa sana katika ofisi zetu juu ya jambo hili. La kwanza ni kwamba kuhamisha programu kuukuu kwenda mashine mpya ni kazi ya mafundi peke yao, haimhusu mwananchi wala mwandishi wala mtunga sheria. La pili ni kwamba dawa ya programu kuukuu ni kununua mpya. Maneno yote mawili nayakataa. Nasema kuwa jambo hili ni la amana kabla ya kuwa la ufundi. Na kwamba watu wasioshika msimbo wa programu yao, wasioyajua maumbo ya kumbukumbu zao, na wasio na maelezo ya kazi hiyo katika lugha yao wenyewe, hawataweza kamwe kuhamisha kitu. Wataweza kutupa na kununua tu, na kila wanunuapo wataacha nyuma sehemu ya habari zao.

Ili maneno yangu yasielee hewani, nitayafunga mahali pamoja na katika kazi moja. Mahali ni Mdandu, kata ya Wilaya ya Wanging'ombe katika Mkoa wa Njombe. Kazi ni ile ya kliniki za tiba na matunzo kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI.

Msomaji aijuaye Njombe hatauliza kwa nini nimechagua kazi hii. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2011–2012 ulionyesha kuwa asilimia 14.8 ya watu wa mkoa huo wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na virusi. Uchunguzi wa mwaka 2016–2017 ulionyesha asilimia 11.4 ya watu wazima, na ule wa mwaka 2022–2023 ulionyesha asilimia 12.7, wakati kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 4.4. Maana ya hesabu hizi ni kwamba katika kila watu wazima kumi wa mkoa huo, zaidi ya mmoja anahitaji dawa kila siku maisha yake yote, na anahitaji mahali ambapo habari za dawa zake zimeandikwa na kutunzwa. Nayo ni nchi ya watu wasiokaa mahali pamoja. Mtu wa Mdandu huenda Makambako kwa biashara, huenda Njombe mjini kwa shauri lake, na vijana hutoka kwenda kwenye mashamba ya chai na kazi za mbao. Aendapo, ugonjwa humfuata. Basi haina budi habari zake nazo zimfuate.

Tangu mwaka 2004, Serikali ilipoanza kutoa bure dawa za kufubaza virusi, utaratibu wa kutunza habari hizo ulipangwa vizuri. Mgonjwa hupewa kadi yake mwenyewe, iitwayo CTC1, akae nayo. Kituo hubaki na karatasi yake, iitwayo CTC2, ambayo kila ajapo huandikwa uzito wake, dawa alizopewa, hali ya damu yake, na siku atakayorudi. Kisha karani wa takwimu huyachukua yaliyomo katika karatasi na kuyaingiza katika daftari la kompyuta lenye jina lile lile la CTC2. Daftari hili ndilo limwambialo mganga ni nani aliyetazamiwa leo, ni nani aliyekuja, na ni nani aliyepotea; na ndilo liiambialo Wizara ni dawa kiasi gani zipelekwe. Karatasi ikipotea, mgonjwa mmoja ataumia. Daftari likinyamaza, kituo kizima kitakuwa gizani.

Daftari hilo la kompyuta lilijengwa juu ya Microsoft Access, programu ya kutunzia kumbukumbu iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1992. Sitawalaumu waliofanya uchaguzi huo, kwa kuwa katika siku zao ulikuwa uchaguzi wa busara. Access ilikuwa tayari katika kompyuta nyingi za ofisi. Ilifanya kazi bila intaneti, na vituo vingi havikuwa na intaneti. Na mtu mwenye akili nyepesi aliweza kujifunza kuitumia kwa muda mfupi. Lakini busara ya siku ya kwanza haitoshi kuilinda siku ya elfu. Daftari lilikuwa letu, ila chumba tulimoliweka kilikuwa cha mwingine. Na mwenye chumba hubadili kufuli apendapo, kwa sababu zake mwenyewe, bila ya kumwuliza mpangaji wa Wanging'ombe.

Tutazame basi kufuli zilivyobadilishwa. Mashine za kompyuta husoma amri kwa vipande vyenye upana uliopimwa kwa biti. Programu za kale zilitungwa kwa mashine za biti 16, zilizofuata kwa biti 32, na za leo ni za biti 64. Windows ya biti 64 haikubali kabisa programu ya biti 16. Na Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, haina umbo jingine ila hilo la biti 64, tena huhitaji kifaa cha usalama na aina za vichwa vya mashine ambavyo kompyuta nyingi za zamani hazina. Access nayo imebadilika. Mwaka 2007 ililetewa umbo jipya la faili, na toleo la mwaka 2013 liliacha kuyafungua madaftari yaliyoandikwa kwa Access ya mwaka 1997. Amri ambazo mtunzi wa daftari aliziandika ili kuzungumza moja kwa moja na Windows hazikubaliwi katika Office ya biti 64 mpaka zipitiwe moja moja na kutiwa alama mpya. Kwa mwenye msimbo mkononi, hii ni kazi ya subira. Kwa asiye na msimbo, au aliye nao katika hali ya kufungwa asiweze kuusoma, ni ukuta usio na mlango.

Walakini nataka msomaji ajue kuwa daftari lisilofunguka si hatari kubwa kuliko zote, kwa maana kila mtu huona kuwa halikufunguka. Hatari kubwa ni daftari linalofunguka na kusema uongo. Chukua mfano wa tarehe. Sisi huandika siku kwanza, kisha mwezi. Wamarekani huandika mwezi kwanza, kisha siku. Access, inapokuta tarehe ndani ya maagizo yaliyoandikwa kwa mkono wa mtunzi, huisoma kwa desturi ya Kimarekani, hata ikiwa kompyuta yenyewe imewekwa kwa desturi yetu. Basi mtunzi asipojihadhari, mgonjwa aliyetakiwa kurudi tarehe 3 Aprili atahesabiwa kuwa alitakiwa kurudi tarehe 4 Machi, na siku atakayokuja kwa uaminifu wake ataonekana ni mtoro wa siku thelathini. Lakini yule wa tarehe 13 Aprili atasomwa sawasawa, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu, na mashine yenyewe hurudi ikaipindua tarehe. Kwa hiyo kosa huwapata baadhi ya watu na kuwaacha wengine, na mkaguzi atazamaye kurasa tano huenda asilione. Kadhalika mwaka ulioandikwa kwa tarakimu mbili: bibi aliyezaliwa mwaka 1928, akiandikwa 28, mashine humjazia karne kwa mazoea yake, ikamfanya mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Liko jambo jingine ambalo halimo katika vitabu vya mafundi, nalo ni historia ya nchi. Namba ya mgonjwa katika kliniki hizi hubeba ndani yake alama za mkoa, wilaya, na kituo. Mwaka 2012 Mkoa wa Njombe ulitengwa na Mkoa wa Iringa, na Wilaya ya Wanging'ombe ikazaliwa. Mtu wa Mdandu alilala katika mkoa mmoja akaamka katika mwingine bila ya kuhama nyumba yake. Ahamishaye daftari kutoka mashine kuukuu hadi mpya lazima ajiulize: namba iliyotolewa mwaka 2006 na ile iliyotolewa mwaka 2015 kwa kituo kile kile, ni za watu wawili au za mtu mmoja? Jawabu la swali hili halimo katika msimbo wala katika Windows. Limo katika vichwa vya makarani waliofanya kazi wakati huo, na vichwa vya makarani huhamishwa, hustaafu, na hufa. Mgeni aliyeletwa kwa mkataba wa miezi sita hatajua hata kwamba liko swali la kuulizwa.

Sasa na tuwasikilize wapinzani. Wa kwanza ni mwuzaji, na hoja yake ni fupi: kitu kuukuu kina taabu, tupeni, nunueni mfumo mpya. Neno hili hupendwa kwa sababu ufunguzi wa mfumo mpya una sherehe, hotuba, na picha, ambapo kuhamisha mfumo wa zamani hakuna sherehe yo yote. Lakini mfumo mpya ni chungu kitupu. Kilichomlisha mgonjwa wa Mdandu si chungu bali chakula kilichomo, yaani habari zake za miaka kumi na mitano: dawa ipi ilimdhuru, ipi ilimfaa, lini damu yake ilitakasika na lini ilirudi nyuma. Mwuzaji huahidi kuwa habari hizo zitahamishwa, na sharti hilo huandikwa katika mstari mmoja wa mkataba, mwishoni, baada ya bei. Muda ukiisha na fedha zikipungua, mstari huo ndio wa kwanza kuachwa. Tena mfumo mpya ulionunuliwa bila ya msimbo wake utakuwa mfumo kuukuu baada ya miaka kumi, na mwuzaji atarudi na hotuba ile ile. Huyu haponyi ugonjwa. Anauvalisha nguo mpya.

Mpinzani wa pili ni mtu mtulivu. Yeye husema: kompyuta ya zamani ingali yafanya kazi, iacheni pembeni na Windows yake ya zamani, msiiguse. Neno lake lina ladha ya hekima, na kwa mwezi mmoja au miwili laweza kuwa hekima kweli. Lakini Microsoft iliacha kuitunza Windows XP mwezi wa Aprili 2014, Windows 7 mwezi wa Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mfumo endeshi usiotunzwa ni nyumba ambayo wezi wamepewa ramani ya madirisha yake mabovu. Na kilichomo katika nyumba hiyo ni siri ambayo ikitoka yaweza kuvunja ndoa, kumnyima mtu kazi, na kumfukuza mtoto kwa shangazi yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inamtaka atunzaye habari za watu azilinde. Sidhani kuwa kompyuta iliyosahauliwa pembeni ni ulinzi. Tena mashine ina moyo wa chuma unaozunguka, nao husimama siku moja bila ya kutoa taarifa. Siku hiyo hapana duka la Makambako wala la Dar es Salaam litakalouza mwingine wa aina ile.

Mpinzani wa tatu ndiye anayenihuzunisha, kwa kuwa ni mwenzetu. Yeye husema: sisi hatuwezi, kazi hizi ni za mataifa makubwa. Hasha. Mfano wa kumjibu uko karibu sana na jambo lenyewe. Katika miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, vyuo vya Afrika Kusini pamoja na Chuo Kikuu cha Oslo vilitunga programu ya takwimu za afya za wilaya, iitwayo DHIS, nayo pia ilijengwa juu ya Microsoft Access. Watunzi waliona mapema kuwa chumba kile kitawabana. Wakaiandika upya tangu msingi, kwa zana zilizo huru na msimbo ulio wazi kwa kila mtu, ili ifanye kazi juu ya mfumo endeshi wo wote wenye kivinjari cha intaneti. Toleo la kwanza la DHIS2 lilitoka mwaka 2006. Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011, na takwimu za MTUHA za Tanzania huingizwa humo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa mmoja wa washirika wa kazi hiyo kwa miaka mingi. Basi Mwafrika alikwisha kuhamisha programu kutoka Access kwenda dunia mpya, tena Mtanzania alishiriki. Waliweza kwa kuwa programu ilikuwa yao wakaijua mifupa yake; wala hawakuomba ruhusa ya mtu kuifungua.

Mfano wa pili ni wa maktaba. Mwaka 1985 UNESCO ilitoa programu ya CDS/ISIS kwa kompyuta ndogo, ikaigawa bure, na maktaba nyingi za nchi zinazoendelea, za Afrika Mashariki zikiwemo, ziliandika orodha za vitabu vyao kwayo. Programu ile ya DOS haiwezi kusimama yenyewe juu ya Windows ya leo. Lakini orodha hazikupotea, kwa sababu CDS/ISIS iliweza kuzitoa kumbukumbu zake katika umbo la kimataifa liitwalo ISO 2709, ambalo maelezo yake yako wazi na programu mpya za maktaba hulielewa. Mwili ulikufa, mali ikarithiwa. Huu ndio urithi ninaouomba kwa mgonjwa wa Mdandu: kwamba programu ifapo, isife na habari zake.

Watu wa Wanging'ombe hawahitaji mfano wa mbali kulielewa neno hili, kwa kuwa reli ya TAZARA yapita katika nchi yao na kusimama Makambako. Reli ile ina upana wa milimita 1,067. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ina upana wa milimita 1,000. Behewa la moja haliwezi kutembea juu ya nyingine, na ndiyo sababu pale Kidatu ilibidi pawekwe mahali pa kupakulia mizigo na kuipakia upya. Tangu mwaka 2024 iko na reli ya tatu, ya milimita 1,435, ichukuayo abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Vipimo vitatu katika nchi moja ni taabu, lakini ni taabu inayotibika, kwa maana kila kipimo kinajulikana, na fundi yeyote aweza kukipima kwa rula. Fikiri, ewe msomaji, lau upana wa reli ungekuwa siri ya aliyeijenga, na kila miaka kumi angeubadili kidogo. Mzigo wa mahindi wa Makambako ungeoza katika behewa, na tungeambiwa kuwa kosa ni la mahindi kwa kuwa ni ya zamani. Hivi ndivyo tunavyoambiwa juu ya programu zetu.

Hata hivyo sitaki kumdanganya mtu kuwa msimbo ulio wazi watosha peke yake. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, mkusanyo wa programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi ile ilikuwa ya heshima: walitafuta maneno, wakayapima, wakayakusanya katika faharasa, na kwa mara ya kwanza karani aliweza kufungua programu kamili ya ofisi ikamsemesha kwa lugha ya bibi yake. Msimbo ulikuwa wazi kwa kila mtu. Lakini Jambo ilifungwa kwenye matoleo ya 1.1 ya OpenOffice.org, mwezi wa Oktoba 2005 lilitoka toleo la 2.0, lenye umbo jipya la faili na maneno mengi mapya ya kufasiriwa. Mwaka 2010 kampuni iliyoisimamia OpenOffice.org ilinunuliwa na nyingine, na wengi wa watunzi wakatoka kwenda kuanzisha LibreOffice. Kila hatua ya namna hii humtaka mfasiri arudi kazini. Kwetu fedha ya mradi ilikuwa imekwisha, na Jambo haikudumu juu ya meza za ofisi zetu. Mlango ulikuwa wazi, lakini hakuwapo bawabu. Kwa hiyo nasema amana ina sehemu mbili: haki ya kufungua, na mtu aliyeajiriwa kufungua.

Hapa atasimama mpinzani wa nne na kusema kuwa lugha haina nafasi katika jambo hili, kwa kuwa Kiingereza ni lugha ya kompyuta na mafundi wote wanakijua. Namjibu kuwa mafundi wanakijua, lakini sheria za daftari hazikutungwa na mafundi. Zilitungwa na waganga, wauguzi na makarani, ambao hujadiliana kwa Kiswahili. Wakati muuguzi wa zamu na karani walipokubaliana kuwa mgonjwa aliyechukuliwa dawa na ndugu yake ahesabiwe kuwa amekuja, walikubaliana kwa Kiswahili; na ikiwa maelezo ya mfumo yanaandikwa kwa Kiingereza tu, makubaliano hayo hayataandikwa popote. Baada ya miaka kumi fundi atakuta katika msimbo alama asiyoielewa, ataifuta kwa kuidhani kosa, na maelfu ya watu waliochukuliwa dawa na ndugu zao watageuka watoro. Mtu asiyeandika sheria za kazi yake katika lugha aliyozitungia huandika nusu yake tu. Sisi tunaoandika katika majarida ya Kiswahili tumezoea kuitetea lugha katika ushairi na riwaya. Ni wakati wa kuitetea pia katika maelezo ya daftari la kliniki, ambako hapana mtu atakayetupigia makofi.

Liko jambo la mwisho lililonifanya niandike sasa nisingoje. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mapambano dhidi ya UKIMWI nchini imebebwa na fedha za nje, hasa za mpango wa Marekani wa PEPFAR ulioanzishwa mwaka 2003, na za Mfuko wa Dunia. Fedha hizo zimeokoa roho za watu, na asiyeshukuru ni mkosefu wa adabu. Lakini tarehe 20 Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje ili ipitiwe upya, na tarehe 1 Julai 2025 shirika la USAID lilifungwa. Jambo hilo lilitufundisha kwa siku chache somo ambalo tulikataa kulisoma kwa miaka ishirini: mfadhili ni mgeni, na mgeni ana siku ya kuondoka. Swali la kumwuliza kila mfadhili aletaye mfumo si kwamba unafanya kazi namna gani leo. Swali ni hili: siku utakapoondoka, ufunguo utamwachia nani?

Kwa hiyo nadai mambo manne, na nayadai katika mikataba, si katika hotuba. La kwanza, programu yo yote itakayotunza habari za wananchi ikabidhiwe pamoja na msimbo wake chanzo, yaani maandishi ya mtunzi kabla hayajageuzwa kuwa amri za mashine, na utunzwe chini ya mkono wa Serikali. Tunayo Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2019, na kazi hii yaifaa. La pili, habari zilizomo ziweze kutolewa zote, wakati wo wote, katika umbo lililo wazi ambalo programu nyingine yaweza kulisoma. Na jambo hilo lijaribiwe kila mwaka kwa vitendo, kwa maana mlango usiofunguliwa mwaka mzima hushika kutu. La tatu, maana ya kila safu, kila alama na kila sheria iandikwe kwa Kiswahili na wale wanaofanya kazi hiyo, na ihifadhiwe pamoja na msimbo. La nne, atengewe mtu na mshahara wa kuutunza mfumo baada ya sherehe ya ufunguzi kwisha. Na asiyeweza kutenga mshahara huo asifungue mfumo.

Nitaambiwa kuwa madai haya ni ghali. Ni kweli kuwa yana gharama. Lakini gharama ya kuyaacha hulipwa na mtu ambaye hayumo katika chumba cha mkutano. Hulipwa na mama wa Mdandu aliyetembea asubuhi katika baridi ya Juni mpaka kliniki, akaambiwa kuwa jina lake halionekani katika mashine mpya, arudi Jumatatu. Dawa zake haziwezi kungoja Jumatatu, na virusi havijui kuwa tumebadilisha Windows. Akirudi nyumbani mikono mitupu mara moja, yamkini atavumilia. Mara ya tatu hatarudi tena, na daftari letu jipya litamwandika mtoro, kana kwamba yeye ndiye aliyekimbia.

Kompyuta zitaendelea kubadilika, na hatuna nguvu ya kuzizuia, wala si lazima tuzizuie. Tulicho na nguvu nacho ni kuamua kuwa habari za watu wetu hazitafungiwa tena katika chumba ambacho ufunguo wake uko ng'ambo. Mwenye kuweka mali yake kwa jirani humtaka jirani amwonyeshe mahali ilipo, naye hubaki na hesabu yake mkononi. Sisi tuliweka uhai wa watu, na hesabu hatukuiomba. Tuiombe sasa, mkataba kwa mkataba, tangu Dodoma mpaka Wanging'ombe, kabla ya kufuli inayofuata kubadilishwa.